Dawa ya nguvu tunainunua hadharani Mwanjelwa, kwa daktari tunaona aibu. Kwa nini?

#1 Kijana wa Soweto

Wakuu, salama?

Jumamosi nilikuwa Mwanjelwa, sokoni hapa Mbeya, natafuta spea ya pikipiki. Kando ya njia kuna Mmasai katandaza turubai: mizizi, magome, chupa za maji zimejazwa kitu cheusi, na kipande cha boksi kimeandikwa NGUVU ZA KIUME, BUSHA, MGONGO, MIGUU KUWAKA MOTO. Wanaume wazima wamemzunguka, jua la saa saba. Mmoja kavaa tai. Mwingine namfahamu, mzee wa kanisa kabisa. Wananusa, wanauliza bei, wanataniana. Hakuna aliyevuta kofia kujificha.

Sasa watu haohao waambie wakamwone daktari kwa jambo hilohilo. Bora wafe. Binamu yangu ni tabibu kwenye kituo cha afya, anasema mwanaume anakuja na kichwa, anakuja na mgongo, anaandikiwa dawa, anainuka, akishashika kitasa cha mlango ndiyo anageuka: "Halafu daktari, kuna kajambo kengine kadogo."

Hoja yangu ni hii: watu wa nyanda za juu kusini hatuoni aibu ya kuumwa huko. Tunaona aibu ya kuulizwa. Mmasai haulizi, anapima kwa kijiko anafunga kwenye gazeti. Pingeni.

#2 Ngoja Waje

Kiti cha mbele. Ulanzi niagizieni.

#3 Mpoki wa Tukuyu

Mkuu, hiyo aibu unaikuza. Ni hela. Mtu wa Kiwira akitaka daktari bingwa ni nauli mpaka Mbeya mjini, hela ya kumwona, kipimo cha sukari, kipimo cha hiki na kile, anaambiwa arudi wiki ijayo na siku ya shamba imekufa. Mzizi ni buku mbili.

Halafu ukimrudia yule Mmasai ukamwambia haikufanya kazi, anakuongezea bure. Nani hapa amewahi kuongezewa kitu bure na daktari?

#4 Mama Tuntufye

Habari zenu kaka zangu. Mmoja anasema aibu, mwingine hela, na mke hayumo kwenye hesabu zenu kabisa.

Mume wangu nilimkuta na unga kwenye mfuko wa koti. Nikamuuliza, baba Tuntufye, hii nini? Akasema dawa ya ng'ombe. Hatuna ng'ombe. Tuko Uyole, tuna kuku wanne na sungura wa mtoto.

Na mimi sikuwa nimelalamika. Ningelalamika ningelalamikia kurudi saa sita usiku na kulala ameweka simu chini ya mto. Hakuna mzizi wa hilo? Maana mnaponunua mnasema "heshima ya ndoa", lakini ndoa yenyewe haikuulizwa.

#5 Ngoja Waje

Dawa ya ng'ombe! Nimemwaga chai.

#6 Dereva wa Kasumulu

Hiyo ya Mwanjelwa nusu yake kuni tu. Wanaojua wanavuka mpaka. Malawi kuna mzizi unaitwa gondolosi, unauzwa sokoni waziwazi kama karanga, mzee kwa kijana wananunua. Unatafuna polepole, unanukia vanila. Hauna uchungu wa haya madude yenu meusi. Nina rafiki yangu Kyela alikuwa amefika pabaya, jogoo hawiki kabisa, mke ameshafunga mizigo kwenda kwao Busokelo. Alitumia, mke amerudi na sasa hivi wana mapacha.

#7 Kihesa Kwetu

Rafiki yako. Sawa. Msalimie sana rafiki yako.

#8 Mfamasia Mstaafu

Kamwene. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa Iringa na baadaye Makambako muda mrefu wa kutosha kuchoka na hii habari, lakini acha niseme.

Dereva #6, gondolosi ni mmea wa kweli na una jina la kitaalamu, Mondia whitei. Kanda ya ziwa na Kenya magharibi wanautafuna vilevile. Umepimwa kidogo: kwa panya, na maabara kwenye mbegu za kiume, ambako dondoo lake lilizifanya ziogelee vizuri zaidi. Mbegu kuogelea kwenye kisahani ni jambo moja, mashine kuwaka ni jambo lingine. Huyo mwenye mapacha unaweza kumhesabu kwenye la kwanza, kwenye la pili hujathibitisha kitu.

Sasa lile linalonisumbua. Mshipa wa damu unaopeleka damu kule ni mwembamba kuliko ule wa moyo. Ukianza kuharibika kwa sukari, presha, sigara, lehemu (mafuta kwenye damu), mwembamba ndio unaonyesha kwanza. Kwa hiyo mwanaume wa miaka 48 anayeanza kushindwa, mara nyingi anapewa taarifa ya moyo wake miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Akienda kwa Mmasai akapata nafuu ya wiki mbili, ameinyamazisha taarifa. Nimewauzia wengi hapa kidonge kimoja kimoja, na nikiwauliza "umepima presha lini?" wananiangalia utadhani nimemtukana mama mzazi. Hapo nakuunga mkono #1.

Na kuna sababu nyingine zisizosemwa: mawazo, pombe, kukosa usingizi, na baadhi ya dawa za presha zenyewe, hasa zile za zamani za kukojoza na zile za kupunguza mapigo ya moyo. Mtu akigundua hilo anaacha dawa ya presha kimyakimya. Usiache. Rudi ubadilishiwe, zipo nyingine.

#9 Mpoki wa Tukuyu

Mzee wangu #8, heshima kwako. Lakini ushuhuda uko mwingi mno kuwa uongo wote. Mjomba wangu anatumia magome, mwenyewe anasema ni moto. Huyo naye tumwambie anaota?

#10 Mfamasia Mstaafu

Haoti. Kile kidonge maarufu cha bluu kilipopimwa, matokeo yalichapishwa 1998. Wanaume waliopewa dawa yenyewe, asilimia 69 ya majaribio yao ya tendo yalifanikiwa. Waliopewa kidonge kitupu kisicho na kitu ndani walifanikiwa kwa asilimia 22. Kitupu kabisa! Kwa hiyo ukiwa na wanaume kumi waliopewa unga wa mhindi na maneno mazuri, unaweza kupata mashahidi wawili hivi, na hao wawili ndio watakaozunguka stendi nzima wakisimulia. Wanane hawatasema neno.

Kuna la pili, na hili ni baya zaidi. Unga wa mizizi ukifanya kazi ndani ya saa moja, kila mara, bila kukosa, usimsifu babu aliyeuchimba. Kuna uwezekano mkubwa umesagiwa humo sildenafil, dawa ileile ya kidonge cha bluu, kwa kipimo asichokijua hata muuzaji. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekamata bidhaa za namna hiyo tena na tena, zimeandikwa "asilia" juu ya boksi. Anayeweka kidonge cha maumivu ya kifua chini ya ulimi akichanganya na hiyo, presha inaweza kuporomoka akafa. Na ikisimama zaidi ya saa nne haitaki kulala, hiyo si sifa ya kupiga picha, ni dharura, kimbia hospitali.

#11 Kihesa Kwetu

Saa nne?? Kuna watu humu wameshaanza kuuliza bei kimoyomoyo.

#12 Mchungaji Bila Kanisa

Bwana asifiwe. Wapendwa mnazunguka sana. Mizizi mingi ya hawa waganga inachimbwa kwa maneno, usiku, mchimbaji yuko uchi. Unapoila unakula na agano. Ndiyo maana mtu anaanza na ya nguvu anaishia na hirizi ya biashara, halafu limbwata, halafu Sumbawanga. Nimeombea watu wa hivyo.

#13 Mpoki wa Tukuyu

Mchungaji, tangawizi tunayoweka kwenye chai nayo inachimbwa. Viazi vya Isyonje vinachimbwa. Vyote vina agano?

Na kwenye yale mabango ya nguzo za umeme, "mganga kutoka Sumbawanga", mmoja nilimpigia simu. Lafudhi ya Mbalizi tupu.

#14 Mchungaji Bila Kanisa

Ulimpigia ya nini, ndugu Mpoki?

#15 Ngoja Waje

Hapo ndipo uzi umenoga. Mpoki jibu.

#16 Mkulima Isyonje

Mimi naona wote mnapishana na chanzo. Babu zetu walikuwa na wake watatu na hawakununua unga stendi. Kilichobadilika ni sumu. Sisi kwenye viazi masika tunapuliza karibu kila wiki kwa sababu ya ukungu, pampu mgongoni inavuja, hatuna barakoa, hatuna glavu, mtu anapuliza anakula muhindi hapohapo. Miaka kumi ya hivyo halafu unashangaa jogoo kuchoka? Kila kijana ninayemjua huku anayelalamika ni mpulizaji.

#17 Binti wa Lupembe

Na huku kila kijana asiyelalamika ni mpulizaji pia, maana wote wanapuliza. Hiyo haithibitishi kitu kaka. Ila mvae barakoa.

#18 Ngosi wa Mufindi

Sumu gani. Ni kuku wa kisasa na chipsi. Mtu anakula kuku wa siku thelathini na tano aliyekuzwa kwa vidonge, atapata wapi nguvu?

#19 Mzee wa Mdindifu

Vijana, ulanzi. Mdindifu, ule uliokomaa, siyo ule mtamu wa asubuhi mnaokunywa kama soda. Msimu wa mvua huku Iringa hakuna mwanaume anayelalamika. Kiangazi mianzi ikikauka ndipo mnaanza kufungua nyuzi kama huu.

#20 Kihesa Kwetu

Mzee wa Mdindifu, msimu wa mvua hamlalamiki kwa sababu mnalala kilabuni. Ukilala kilabuni hakuna wa kukulalamikia.

#21 Mfamasia Mstaafu

Mkulima #16, hujakosea moja kwa moja. Kuna sumu ya minyoo ya udongo inaitwa DBCP. 1977 iligundulika kuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja California waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wagumba, wengine hawana mbegu hata moja. Lakini tatizo lao lilikuwa mbegu na siyo kusimama, na hiyo siyo sumu mnayopuliza kwenye viazi. Kwa hiyo barakoa vaa, ila ukishindwa nyumbani usiitupie lawama pampu kabla hujapima sukari.

Mzee #19, pombe inaleta hamu na kuondoa uwezo. Sitabishana zaidi ya hapo na mtu wa umri wako.

#22 Binti wa Lupembe

Naongeza jambo ambalo wanaume hawalisemi. Huku kwetu Njombe wanunuzi siyo wanaume peke yao. Wake wananunua. Unapewa na shangazi, unaweka kwenye uji wa mume wako bila yeye kujua, kwa nia njema kabisa, kwa sababu ukimwambia kwa mdomo "baba, umechoka siku hizi" utapigwa au atahamia kwa mwingine kuthibitisha. Kwa hiyo Mama Tuntufye #4, wako alikuficha yeye, kwangu nilimficha mimi. Na wala sijutii, ilitusaidia kuanza kuongea alipolikuta kopo lake.

Pia mbona uzi mzima ni nguvu za kiume? Zile dawa za kubana na kukausha wanazouziwa wanawake ni dawa pia, na zinaleta michubuko. Hakuna aliyeanzisha uzi wa hizo.

#23 Mama Tuntufye

Mdogo wangu wa Lupembe, kwenye uji? Bila kujua kama ana presha?

#24 Binti wa Lupembe

Dada, hapo umenibana.

#25 Afisa Mlango wa Nyuma

Kwa wanaosema "serikali haijali": TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, wapite wakamate hizo turubai zote, mwisho wa habari.

#26 Kijana wa Soweto

TFDA haipo mkuu. Tangu 2019 ni TMDA, ya dawa na vifaa tiba, vyakula vikahamia TBS, shirika la viwango. Na hizi dawa za asili zina chombo chake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya 2002. Mganga anatakiwa asajiliwe na dawa yake isajiliwe. 2018 serikali iliidhinisha dawa kadhaa za asili na zikiwemo za nguvu za kiume, magazeti yaliandika sana. Kwa hiyo serikali haisemi mzizi ni uongo. Inasema leta upimwe.

#27 Mpoki wa Tukuyu

Na hapo ndipo unapoua hoja yako mwenyewe. Mmasai wa Mwanjelwa aandike barua, ajaze fomu, apeleke sampuli, alipie, asubiri? Anauza buku mbili! Sheria imeandikwa kwa mwenye ofisi na nembo. Sasa hivi wenye ofisi wanatia ile ile mizizi kwenye kopo la plastiki, wanaandika Kiingereza, wanauza elfu arobaini, na ninyi mnaiita tiba mbadala.

#28 Mfamasia Mstaafu

Mpoki, kwa hilo sikupingi.

#29 Mwanachuo Iyunga

Wakubwa shikamooni. Mimi niko chuo hapa Mbeya, nina miaka 22, na nataka kuwaambia wateja wakubwa wa hiyo kitu si wazee. Ni sisi. Hosteli watu wana vumbi la Kongo kwenye kabati pembeni ya daftari. Wengine wanalamba, wengine wanapaka. Hakuna anayeumwa. Mtu ameangalia video za simu, anaona jamaa wanakwenda saa nzima, yeye anakwenda dakika tano anahisi ni mgonjwa. Na akishatumia mara kadhaa anaogopa kwenda bila. Ukimwambia dakika tano ni kawaida anakwambia wewe ndiye una tatizo.

Mzee #8 anasema sukari na presha. Kwetu sisi ni woga tu.

#30 Dereva wa Kasumulu

Vumbi la Kongo ni gome la mti kutoka Kongo, lile ni halisi, siyo la kubeza.

#31 Mfamasia Mstaafu

Gome maarufu la ukanda ule ni yohimbe, linatoka Kameruni, Gabon na huko jirani. Lina kemikali inayopandisha presha na kuharakisha moyo. Lakini kwenye kile kikaratasi cha hosteli kuna nini? Ikikufisha ganzi ukipaka, hiyo si kazi ya gome hilo, kuna aliyeongeza kitu. Mwanachuo #29, marahaba, na asante kwa kusema.

#32 Ngosi wa Mufindi

Yote haya Babu wa Loliondo alishayamaliza 2011. Kikombe kimoja, mia tano, nguvu zinarudi. Tulimdharau.

#33 Kihesa Kwetu

Babu alitaja kisukari, ukimwi, saratani, pumu. Hiyo ya nguvu umeongeza mwenyewe ukiwa kwenye foleni ya Samunge. Na waliokwenda na kuacha dawa zao za hospitali, wengine hatukuwaona tena.

#34 Binti wa Lupembe

Umegusa ukimwi, hapo tusipite haraka. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4 kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Mikoa yetu mitatu ndiyo ya juu nchini. Halafu tunauziana dawa ya kwenda raundi tatu na hakuna anayeuza na kondomu pembeni ya turubai.

#35 Afisa Mlango wa Nyuma

Mimi nilijua Iringa ndiyo inaongoza.

#36 Kihesa Kwetu

Hata utafiti wa 2016/2017 Njombe ilikuwa juu kidogo, 11.4 kwa 11.3. Tuachieni Iringa yetu.

#37 Mfamasia Mstaafu

Na kwa hilo la #34: baadhi ya dawa za kufubaza VVU, hasa za mstari wa pili zenye ritonavir, zinafanya sildenafil ikae mwilini kwa wingi kuliko kawaida. Mtu ana siri mbili, ya kliniki na ya stendi, na hakuna anayeijua nyingine. Ndiyo maana nawauliza maswali. Siulizi umbea.

#38 Mpoki wa Tukuyu

Lakini mzee unauliza kwa sauti, dirishani, watu wanne wako nyuma yangu kwenye foleni, mmoja ni shemeji. Nimeishi hilo kwenye duka moja la dawa mjini. Binti wa kaunta: "Ya nguvu za kiume, miligramu ngapi?" Duka zima likageuka. Mmasai anakuvuta pembeni, anakuita mzee, anashika mkono wako. Adabu pekee inatosha kumpa buku mbili.

#39 Mama Tuntufye

Huyu Mpoki alimpigia mganga, akaenda duka la dawa, na mjomba wake anatumia magome. Tunaendelea kumsikiliza.

#40 Mpoki wa Tukuyu

Mjomba ni mjomba!

#41 Kijana wa Soweto

Nimesoma zote. Mpoki kwenye #38 ananipa ushindi bila kutaka: alianza na hela akamalizia na kuulizwa mbele ya shemeji. Ila Mwanachuo amenichanganya, maana yeye na wenzake hata hawana cha kumwambia daktari. Wataulizwa nini?

#42 Mkulima Isyonje

Nyuzi zenu ni ndefu na sumu hamjaijibu. Anayejua glavu nzuri za bei nafuu anitumie ujumbe. Na bei ya viazi Mbeya leo ikoje, gunia?

#43 Mzee wa Mdindifu

Mvua zinaanza. Nasema hilo tu.

#44 Dereva wa Kasumulu

Kesho navuka mpaka, narudi Ijumaa jioni. Gondolosi halisi, anayetaka aseme mapema.

#45 Kihesa Kwetu

Niwekee vipande viwili. Ni vya rafiki yangu.

#46 Mfamasia Mstaafu

Huyo rafiki yako amepima presha?